Walivyompigia Makofi Kaka Pweza

Nyumbani kwa kaka yako,
Chumba cha nyuma, kinachotazama karakana ya matairi.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pokea na nyingine ya akiba, maana barua zangu hukufikia zimeshachoka njiani. Mgongo wako unaendeleaje? Mama anauliza kama bado unalalia lile godoro gumu ulilolisifu. Baba anauliza kama baridi ya huko imelegea au bado unavaa soksi juu ya soksi. Mimi nauliza kama unakula, kwa sababu kwenye picha uliyotutumia shingo imekuwa nyembamba, na katika maneno yako yote hukuitaja.

Sisi huku wazima, nikimtoa mmoja. Kifua cha Baba kimetulia tangu aache kulala dirisha likiwa wazi. Mama na cherehani yake ni kama kawaida, anashona sare za shule za mtaa mzima na sare yangu mwenyewe haina vifungo. Kitinda mimba wetu ameota meno ya mbele na sasa anauma kila kitu, hata kona za vitabu vyangu. Mimi nimefanya vizuri biolojia. Hesabu tusiiongelee.

Huyo mmoja niliyemtoa ni Kaka Pweza. Usishtuke, Shangazi, yu hai. Amelala hapa nyuma yangu, na ameniuliza kama ninakuandikia barua au ninatunga kitabu. Ila miguu yake haiko sawa. Nitakueleza yote, lakini ombi langu naliweka hapa mwanzoni nisije nikaona haya nikifika mwisho: nataka umpigie simu yule mwanafunzi wako wa zamani, Mkufunzi Mkuu wa mafunzo ya tiba ya wapiga mbizi, umwambie alifungue lile tangi sasa hivi, asingoje kundi jipya la madaktari. Kwa mdomo nisingeweza kukueleza haya yote, ndiyo maana sikukupigia simu mwenyewe; soma kwanza mpaka mwisho ndipo upige. Sitaki umkaripie mtu bila kujua kosa lake, ingawa akikaripiwa sitalia.

Unakumbuka ulivyofurahi mwaka jana uliposikia hospitali yetu imeletewa tangi la kutibu wapiga mbizi? Uliniandikia kurasa nzima kunieleza linavyofanya kazi, mgonjwa anavyofungiwa ndani, hewa inavyoongezwa nguvu mpaka yale mapovu yaliyojificha kwenye damu yanywee, kisha nguvu hiyo inapunguzwa polepole. Barua hiyo niliisoma darasani chini ya dawati. Niliwaza kwamba nikikua nitafanya kazi hiyo. Sasa sijui. Nikilisikia neno “mafunzo” naziba masikio.

Mafunzo yenyewe hufanyika katika jengo la zamani la kufulia mashuka. Masinki yamebaki, na katikati ya sakafu kuna mfereji wa maji machafu wenye wavu wa chuma. Ukuta umepakwa rangi mpya lakini unyevu unaitoa kwa mabaka, kama ngozi iliyoungua jua. Tangi liko chumba cha pili, jeupe, refu, limelala kama mtungi mkubwa wa gesi wenye madirisha ya duara. Madaktari na wauguzi huletwa kutoka hospitali zilizo karibu na maji, wafundishwe namna ya kumtambua mpiga mbizi aliyepanda juu haraka kupita kiasi, na aliyepasuka sikio, na aliyechomwa na viumbe wa baharini.

Hao viumbe, Shangazi! Wamewekwa kwenye chupa za dawa juu ya meza ndefu, wengine wamemomonyoka hadi hawajulikani walikuwa nini. Samaki mmoja mwenye miiba ya sumu alikuwa kwenye sinia tu, hana dawa wala barafu, macho yamezama ndani, na maji ya kahawia yanamtoka mdomoni yanatafuta ukingo wa sinia. Pembeni yake kulikuwa na sahani ya biskuti. Watu wazima, wenye elimu yao, walikuwa wanampapasa samaki kwa glavu, wanatoa glavu moja, wanachukua biskuti, wanavaa tena. Niliona kinyaa hadi mate yakawa machungu.

Utauliza mimi nilikuwa natafuta nini humo. Ni hivi. Mgonjwa wa kweli hapatikani kwa kuagizwa, kwa hiyo wanatafuta watu wa kuigiza ugonjwa. Mgonjwa wa maigizo anafundishwa aseme nini na ashike wapi, kisha madaktari wanamchunguza mbele ya wenzao. Safari hii Mkufunzi Mkuu alitaka mpiga mbizi halisi. Alitumia neno “uhalisia” siku ile nzima, analitafuna kama ubani. Akamfuata Kaka Pweza kule anakokwangua uchafu ulioganda chini ya meli, akamwomba aje, na aje na ndugu mmoja wa kuigiza ndugu wa mgonjwa. Mama alikuwa na sare za watu. Baba alisema yeye akiingia hospitali presha inapanda. Nikabaki mimi.

Unanijua. Shuleni nikitaka kwenda chooni namwandikia mwalimu kikaratasi. Nilimwambia Kaka kwamba sitaweza kulia mbele ya watu. Akanijibu, “Miwani, wewe lia tu kama siku ile walipofunga maktaba.”

Na Kaka mwenyewe unamjua. Akidanganya, masikio yanasogea. Hajawahi kumdanganya Mama hata kuhusu sukari.

Asubuhi ya siku hiyo bosi wake alimshusha majini kama kawaida, akakwangua meli. Alipotoka akarudishwa tena chini, safari hii kwenye kina kirefu, kwenda kufungua kamba iliyojisokota kwenye nanga. Huko chini mpira wa hewa ukaanza kukohoa. Akapanda juu mbio. Sina haja ya kukueleza wewe maana ya mbio hizo. Alipokuja kunichukua nyumbani alikuwa anajisugua bega na kusema mwili unamtambaa kama sisimizi. Alidhani ni uchovu. Mimi nilidhani ni uvivu, nikamcheka. Tukaenda.

Kabla hatujaanza, Mkufunzi Mkuu alituweka pembeni wagonjwa wa maigizo. Akatuambia tusitoke kwenye nafasi zetu kwa sababu yoyote, tusicheke, na daktari akitushuku tumng'ang'anie kwamba tunaumwa kweli. Kisha akawageukia madaktari, nasi tunasikia, akawaambia kwamba hawa watu watawaapia kuwa wanaumwa kweli, msibabaike, fuateni hatua mlizofundishwa. Shangazi, nakuomba uisome sentensi hiyo mara mbili. Mtu mzima alikaa akaipanga.

Mara ya kwanza Kaka aliharibu. Walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu, daktari mmoja mwanamke mwenye viatu vyeupe, vipya, akamuuliza anasikiaje. Kaka akasema, “Daktari. Miguu yangu. Inakufa ganzi,” kama anayetangaza bei ya vitunguu. Chumba kizima kikaangua kicheko. Na masikio yalisogea, niliyaona.

“Bwana Pweza, tia roho kidogo!” Mkufunzi Mkuu alisema. “Tunataka uhalisia.”

“Mimi roho ninayo, Mkuu,” Kaka akajibu. “Maneno ndiyo yenu.”

Wakacheka tena. Wakaenda kwenye biskuti na yule samaki. Kaka alibaki kitandani, nami nikakaa kwenye kigoda karibu yake nikisoma maandishi ya kwenye chupa.

Waliporudi, nilikuwa nimeshamwona amebadilika. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo tu, sehemu nyingine kavu. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama wa mtu anayetoka majini.

“Miwani,” alisema kwa sauti ndogo, “miguu imeondoka.”

Nilimwangalia masikio. Yalikuwa yametulia tuli.

Nikasimama. Nilimwambia Mkufunzi Mkuu kwamba kaka yangu anaumwa. Nilisema vizuri, kwa heshima, nikitanguliza samahani. Akatabasamu hadi ufizi ukaonekana, akawaambia wenzake, “Mnaona? Hata dada ameiva.” Wakaniangalia kwa furaha. Daktari wa viatu vyeupe akachukua pini, akamchoma Kaka kwenye wayo. Kaka hakutikisika. Akamchoma na juu zaidi, kwenye goti. Hakutikisika.

“Jamani, huyu kajizuia hata pini!” akasema. “Mmempata wapi?”

“Sijajizuia,” Kaka akasema. “Daktari, sasa ni kweli. Kuna mkanda unanikaza tumboni. Naapa.”

Na hapo, Shangazi, Mkufunzi Mkuu akanyoosha kidole juu kama mwalimu wa kwaya. “Hiki ndicho nilichowaambia. Atawaapia. Msibabaike.”

Wakapiga makofi. Makofi ya kweli, ya mikono miwili, na glavu zile za samaki zikitoa sauti ya kitu kilicholowa. Muuguzi mmoja wa kiume alikuwa juu ya kiti anachukua video kwa simu, akasema dada asogee kidogo, anaziba mwanga.

Mimi nilipiga kelele. Sijawahi kupiga kelele katika maisha yangu, sauti ilinitoka nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta. Nilisema hajui kuigiza, hajawahi kujua, muulizeni Mama yangu. Nilisema alizama asubuhi hii hii. Nilimvuta Mkufunzi Mkuu koti. Na kila nilivyozidi, ndivyo walivyozidi kunifurahia. Mama mmoja daktari mwenye nywele za mvi alifuta machozi kabisa, akasema huyu mtoto ana kipaji, atafutiwe kikundi. Nikatambua kwamba hakuna neno lolote duniani ambalo ningeweza kulisema wakaliamini, kwa sababu maneno yote ya ndugu wa mgonjwa walikuwa wameshayaweka kwenye mchezo wao. Hata ningenyamaza, wangesema nimenyamaza vizuri.

Basi ikatokea hivi. Suruali ya Kaka ikaanza kulowa. Kwanza doa dogo, kisha likatanuka, kisha likapita kwenye shuka, likadondoka sakafuni na kuelekea kwenye mfereji. Kaka hakujua. Alikuwa anaangalia dari. Daktari wa viatu vyeupe aliona maji yanamkaribia, akaruka nyuma na kukunja uso, akaangalia viatu vyake kwanza. Ndiyo, viatu kwanza. Kisha akaangalia sakafu. Kisha harufu ikafika.

“Huyu amejikojolea,” akasema.

“Uhalisia!” mtu mmoja akasema huko nyuma, na kicheko kikaanza, kikafa katikati. Kwa sababu hata wao waliweza kufikiri hapo. Hakuna mwanamume atakayefanya hivyo mbele ya mdogo wake wa kike ili amfurahishe mtu anayekula biskuti.

Kwa hiyo, Shangazi, maneno yangu yote yalipita hewani, na ya Kaka yakapita, na kiapo kikapita. Mkojo ndio uliosikilizwa. Nikilikumbuka hilo ninataka kunawa, na sijui nitanawa wapi.

Baada ya hapo walikimbia kama kuku. Kila mmoja alikuwa anamwita mwenzake “daktari, daktari”. Mtu alileta oksijeni, mwingine alileta mtungi mtupu, mwingine akauliza nani ana simu ya hospitali wakati tumo hospitalini. Walimsukuma Kaka mpaka chumba cha pili, Mkufunzi Mkuu akavuta mlango wa tangi, na ndani ya tangi kulikuwa na makreti ya soda.

Nasema tena usije ukadhani nimekosea. Makreti ya soda, na mashada ya maua ya plastiki, na boksi la keki, na kitambaa cha kufunikia meza kuu. Kesho yake ilikuwa sherehe ya kufunga mafunzo, na fundi wa tangi alikuwa ameona ndani ya tangi kuna ubaridi mzuri na mlango unafungika, mainzi hawaingii. Chombo ulichonieleza wewe kwamba hakiruhusiwi kuingizwa hata kopo la mafuta ya nywele, yasije yakashika moto. Wakaanza kupokezana makreti kwa mstari. Kaka amelala pale, anawaangalia wanavyopitisha keki juu ya kichwa chake, akaniambia, “Waambie wasiiminye.” Huo ni mzaha wake wa mwisho siku ile.

Nikitaka kusema haki, yule daktari wa viatu vyeupe alivivua. Aliingia ndani ya tangi peku pamoja na Kaka, akajifungia naye, akamshikia beseni alipotapika, na kupitia kile kidirisha cha duara nilimwona anamfuta mdomo kwa ukingo wa koti lake. Hakutoka mpaka jioni. Alipotoka hakusema pole. Alikaa sakafuni, akaniuliza jina la Mama. Nadhani katika watu wote wale ni yeye tu aliyejifunza kitu, na asubuhi baada ya sherehe alipanda gari kurudi hospitali yake ya mbali. Waliobaki ndio tulio nao.

Nilipokuwa nangoja nje ya tangi nilikalia kreti moja. Mkufunzi Mkuu akaja, akachomoa chupa kwenye kreti lile lile, akaifungua, akanipa. Akasema, “Kunywa, binti. Umefanya kazi nzuri leo.” Nilikunywa kwa sababu nimelelewa nisikatae cha mkubwa. Soda ilikuwa ya vuguvugu. Niliitapika yote kwenye mfereji wa kufulia, na hata hapo nilimsikia mtu anamwambia mwenzake kwamba mtoto huyu amejitoa mno.

Sherehe ilifanyika. Hukutegemea isifanyike, au siyo? Kaka alipelekwa kwa kiti cha magurudumu, akawekwa mbele kabisa, mimi na Baba na Mama nyuma yake. Miguu ilikuwa imeanza kurudi, wa kushoto vizuri, wa kulia kidogo. Mkufunzi Mkuu alihutubia kwamba mafunzo haya yameokoa maisha kabla hata ya vyeti kutolewa. Kisha wakaonyesha ile video ukutani. Sehemu ninayopiga kelele kuhusu Mama, ukumbi ulicheka. Cheko zuri tu, la watu walioshiba. Kaka alinigeukia, nikaona taya linamcheza. Baba alitoka nje kuvuta hewa na hakurudi. Mama alibaki ameshika mkoba wake magotini kwa mikono miwili, na keki aliyopewa aliifunga kwenye karatasi, akaitupa tulipofika kona ya barabara.

Sasa hali yenyewe. Kaka aliingizwa tangini mara moja tu. Nimesoma katika kile kitabu ulichoniachia kwamba mgonjwa wa namna hii, akiwa bado na ganzi, hurudishwa tena na tena mapema, kwa muda wote anaoendelea kupata nafuu, na kwamba siku zikienda faida inapungua. Sijui kama nimeelewa sawasawa, wewe ndiye daktari. Nilimpelekea Mkufunzi Mkuu ukurasa huo kwa miguu yangu mwenyewe. Aliniambia nimesoma vizuri, akaniambia tangi ni la mafunzo, lina wahudumu wakati wa mafunzo tu, na mafunzo yamefungwa. Akaniuliza nitachukua masomo gani mwakani.

Kaka anatembea kwa fimbo ya ufagio aliyoikata. Mguu wa kulia anauburuta. Hausikii moto. Juzi Mama alimwekea maji ya kuoga, yakiwa bado hayajapozwa, akatumbukiza mguu, akasimama humo anaongea na Baba kuhusu mpira mpaka Mama alipoona ngozi imekuwa nyekundu na inavimba malengelenge. Kukojoa ni kwa mpira wa plastiki na mfuko. Anaufunika kwa kanga ya Mama nikiingia, nami najifanya ninatafuta kalamu. Alikwenda zahanati kueleza kwamba ganzi haijaondoka. Mhudumu wa pale alimtazama, akatabasamu, akamwita mwenzake, “Njoo, si ndiye yule wa kwenye video?” Kisha wakamwambia Kaka, kwa utani mtamu kabisa, kwamba hapa hawapigi picha.

Hilo ndilo linalonichukiza kuliko samaki, kuliko soda, kuliko makofi. Wamemwibia neno lake. Akisema mguu hausikii ni mwigizaji, akisema unasikia amepona.

Na juzi jioni Mkufunzi Mkuu alikuja hapa nyumbani, akakaa kwenye kiti cha Baba. Kundi jipya la madaktari linafika mwezi ujao. Anamtaka Kaka awe mgonjwa wa maigizo tena. Alisema safari hii hahitaji hata kufundishwa. Tangi litawashwa kwa maonyesho, na Kaka akiwa mgonjwa wa maonyesho ataingizwa ndani, kwa hiyo, alisema, “atakuwa amepata na tiba humo humo, tumeua ndege wawili kwa jiwe moja.” Akaomba na mimi nije. Video yangu inapendwa.

Nilingoja Kaka amfukuze. Kaka alikuwa anaangalia mguu wake.

“Nikija,” akauliza, “mlango wa tangi utafungwa kweli, au mtajifanya mnaufunga?”

“Utafungwa kweli, bwana. Na hewa ya kweli.”

“Basi nitakuja.”

Mgeni alipoondoka nilimwambia Kaka kwamba ninamwonea haya. Sikumwambia taratibu. Akanijibu bila hasira, na jibu lake ndilo linalonikosesha usingizi. “Miwani, mimi nataka kurudi kutembea. Kama lazima nijifanye ninaumwa ndiyo watibu ninachoumwa, nitajifanya. Wewe unayo njia nyingine?”

Ninayo moja, na ni wewe. Yeye ulimfundisha. Anakutaja kila hotuba, anasema ulikuwa mkali na ulimpenda. Mwambie asingoje mwezi ujao. Mwambie wahudumu wapo, wanakaa nyumbani, fundi wa tangi anashinda pale karakana ya matairi anacheza bao, namwona nikiinua kichwa sasa hivi. Likifunguliwa mara barua hii ikikufikia, Kaka ataingia kama mtu anayeumwa, kwa mlango wa mbele, na hao wageni watafute mtu mwingine wa kumpigia makofi.

Ukishindwa kumpata, basi ujue tumekwenda. Nimeshamwambia Kaka kwamba nami nitakuja, kwa sababu ndugu wa mgonjwa anaruhusiwa kukaa karibu na kitanda na mtazamaji haruhusiwi. Nitavaa gauni lile lile. Wakisema lia, nitalia. Nitaishika mikono yao yenye harufu ya samaki na kuwashukuru, nao watanisifu, na mimi nitakuwa naangalia mlango wa tangi tu mpaka nisikie umebana. Sikujua kama ningeweza kuandika maneno haya. Yametoka, na nimeyasoma, na nimechefuka, na sijayafuta.

Nisalimie Mjomba Kimya, mwambie redio aliyotuachia bado inashika. Nisalimie binamu wawili pacha, na yule mdogo mwenye mapengo, na bibi jirani yako anayekuletea supu. Mama anakusalimia sana na anasema usijali mambo ya godoro. Baba amesimama mlangoni mara tatu kuuliza kama nimemaliza. Kaka Pweza anasema uje na yeye atakupikia mwenyewe, akiwa amesimama.

Mungu akulinde katika kazi yako, akupe wagonjwa wanaopona, na mgongo usikusumbue.

Wako akupendaye daima,
Binti wa kaka yako,
Miwani.

Nimesahau: namba ya Mkufunzi Mkuu Mama ameiandika ndani ya bahasha, chini ya gundi. Mchana huwa anapokea. Ukimpata, usianze na salamu.